Ilimba ya Baba na Buibui wa Ugogo

Siku ya kwanza, Jumatatu. Tabata – Bagamoyo

Ilimba ya baba, ile ala ya muziki ya Kigogo yenye vyuma vya kupigwa kwa vidole, nimeifunga kwa kanga mbili, nikaitia kwenye begi la shule la mwanangu, na bado kila gari likiruka tuta inalia humo ndani kama vyombo vya mama ntilie. Kutoka Tabata hadi Makumbusho watu wawili wameniuliza nauza nini. Konda wa gari la Bagamoyo hakuuliza. Aligonga begi kwa kidole, akasema, "Dada, redio nayo ina nauli yake."

Niseme kwanza kwa nini naizungusha. Baba alikuwa dereva wa malori, Mgogo aliyezaliwa upande wa Chamwino, akaishi Dar hadi akafia Dar. Ilimba alikuwa nayo kabla mimi sijazaliwa: kisanduku cha mninga kilichochongwa kwa mti mmoja na kutobolewa ndani, juu yake vyuma 36 vimelala kwenye daraja, na upande wa mbele tundu dogo la mviringo. Jioni akirudi kazini alikaa ngazi za uani, akavua viatu, akapiga nyimbo tatu au nne za Kigogo, basi, analala. Hakuwahi kupiga harusini. Hakuwahi kurekodi. Mama alikuwa akisema ile ndiyo bia yake.

Alipofariki, ilimba ikakaa juu ya kabati miaka mitatu. Mwaka huu nikaishusha. Vyuma vitano vilikuwa vimeanguka. Nikajiona mjanja: nikapakua kwenye simu programu ya kutyunia magitaa, nikakaa Jumapili nzima na koleo, nikavisogeza vyuma 31 vilivyobaki kimoja kimoja, huku na huku, mpaka taa ya programu ikawaka kijani kwa kila kimoja. Nikapiga.

Kikatoka kinanda cha watoto. Kisafi, kimenyooka, na si baba hata kidogo. Ule mvumo wa nyuki uliokuwa ukitembea chini ya kila sauti haupo. Na kubwa zaidi, sikuwa nimepiga hata picha moja ya jinsi vyuma vilivyokuwa vimekaa. Mtyunio aliouacha baba, nilioweza kuukuta vile vile alivyouacha, niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Sijamwambia mama.

Kwa hiyo Bagamoyo. Nilianzia huku kwa sababu ukisema ilimba mbele ya Mtanzania yeyote mwenye umri wa kutosha, jina linalofuata ni Hukwe Zawose, na Hukwe ni Bagamoyo. Alizaliwa Doguwa, Dodoma, mwaka 1938, mtoto wa wafugaji. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alikuwa anakusanya wapigaji kutoka kila pembe ya nchi, na Hukwe akaitwa mjini. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa Bagamoyo mwaka 1981, akawa mmoja wa nguzo zake. Hapa ndipo alipoishi, akafundisha, akazaa na kulea ukoo mzima wa wapigaji, na hapa alifariki Desemba 2003. Katikati ya hapo alizunguka dunia na sauti iliyoweza kuanzia chini kama ng'ombe dume na kumalizikia juu kama filimbi, bila kupumzika njiani.

Nilifika chuoni, ambacho siku hizi ni TaSUBa, saa saba, jua la utosi. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja nje kidogo ya lango, kijana wa miaka kama thelathini, amekaa chini ya mkungu na msasa mkononi. Akaifungua kanga taratibu kama anafungua mtoto. Akaigeuza, akanusa lile tundu. Kisha akapiga vyuma vitatu na kuniangalia.

"Nani kaifundisha Kizungu?"

Nikamweleza. Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko angecheka.

Siku ya pili, Jumanne. Bagamoyo

Asubuhi nilikwenda Kaole nikarudi. Magofu ni mazuri, sina la kuongeza.

Mchana mzima nilikaa kwa fundi. Vyuma vitano alinitengenezea kwa spoku za baiskeli, anazichoma, anazilaza juu ya kipande cha reli na kuzigonga bapa. Ilimba zake mwenyewe zilikuwa zimetundikwa ukutani, kubwa mno, nyingine zina vyuma zaidi ya hamsini. Nikamuuliza kama mtu mwenye mikono miwili anavimaliza vyote hivyo. Akasema hapana, wala huvipigi vyote. Vya katikati ndivyo vya vidole. Vya pembeni vimewekwa viitikie: ukipiga cha katikati, mwenzake wa pembeni aliyetyuniwa naye anatetemeka mwenyewe. "Ni kama kanisani," akasema. "Mmoja anaongoza, wengine wanaguna."

Hapo nikaelewa jambo moja kuhusu Hukwe ambalo hotuba za maofisa utamaduni hazikuwahi kunieleza. Huwa wanamwita mtunza mila, utadhani alikuwa mlinzi wa ghala. Lakini ukiziangalia zana za Bagamoyo unaona mikono isiyotulia. Zeze ambalo kijijini lina nyuzi moja au mbili, hapa linatengenezwa lenye nyuzi nane, kumi na zaidi. Ilimba imenenepa. Albamu yake ya mwaka 1996 iliyotoka kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza, inaitwa *Chibite*, na chibite kwa Kigogo ni "twende". Mtu aliyekaa na ala ya babu zake maisha yake yote anatoa santuri anaiita twende! Wanawe na wajukuu nao wamekwenda. Wale mabinti wa ukoo wake, Pendo na Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu mwaka 2024 wakiwa wao ndio mbele, wakati zamani mwanamke alikuwa nyuma, kwenye kiitikio na ngoma.

Lakini kwenye mtyunio fundi alinigomea. Angeweza kunitia mtyunio wake, alisema, na ilimba ingelia vizuri tu, ila ingekuwa ilimba yake. "Mzee wako alitoka wapi?" Chamwino. "Basi nenda Chamwino."

Kabla sijaondoka akachukua ndono, ule upinde wenye uzi mmoja na kibuyu. Akakibana kibuyu kifuani, akagonga uzi kwa kijiti. Kwanza nilisikia sauti moja tu, nzito. Kisha akawa anakifungua na kukifunika kibuyu kwa kifua, na ndani ya ile sauti moja zikaanza kutoka nyingine nyembamba, zikipanda ngazi, kana kwamba uzi una watoto tumboni. Akasema muziki wa Kigogo umetoka humo. Uzi ukitikisika haulii mzima tu. Unalia pia nusu yake, theluthi yake, robo yake, mpaka juu huko, na Wagogo walichukua ile ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi wakazifanya sauti zao za kuimbia. Tatizo ni ya saba. Kwenye kinanda haipo. Ile iliyo karibu nayo iko juu kwa kama theluthi ya nusu hatua. Kitu kidogo, lakini sikio lililokulia Ugogo linakisikia kama wewe unavyosikia mtu akikosea jina lako.

Na programu yangu, kila ilipokuta sauti ile kwenye ilimba ya baba, iliwasha taa nyekundu. Na mimi nikaisahihisha.

Tundu la mbele huzibwa kwa utando wa buibui, ndio unaovuma, na wa baba ulikuwa umekwisha. Akanibandikia kwa muda kipande cha nailoni ya pakiti ya sigara. Ikavuma, ila kwa ukali, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. "Hii ni ya mjini," akasema. "Huko utapata yenyewe."

Siku ya tatu, Jumatano. Dar es Salaam – Dodoma

Treni ya umeme. Baba angeicheka hii safari. Zamani alituhadithia jinsi treni ya kwenda bara ilivyokuwa inalala njiani, watu wanashuka Gulwe kununua kuku wa kukaanga, wanamaliza kula na kuchokonoa meno ndipo inaondoka. Hii ya sasa ukisinzia Pugu unaamkia Morogoro.

Shida ilikuwa kwenye mashine ya kukagua mizigo. Askari mmoja wa kike akausimamisha mkanda, akamwita mwenzake. Kwenye kioo chao ilimba ilionekana kisanduku kilichojaa visu.

"Mama, hii nini?"

"Ilimba."

"Inafanyaje?"

"Inapigwa."

"Inapigwa, au inapiga?"

Foleni nyuma yangu ikacheka. Nikatakiwa niipige ili waamini. Kwa hiyo konseti yangu ya kwanza maishani nimeifanya stesheni, viatu mkononi, mbele ya watu arobaini wenye haraka. Nikapiga kipande nilichokiokoteza kwa kumtazama baba. Askari akatikisa kichwa: "Aaa, kinanda." Akaniruhusu nipite. Sikujibu kitu.

Ndani ya behewa nikakaa na mzee mmoja wa Kihehe ambaye, alipojua mimi Mgogo, hakunipa nafasi ya kupumua. Eti nimekosea uelekeo, Wagogo huwa wanakuja Dar kuomba, hawarudi. Wengine utani huo wa kuombaomba unawakera, na mimi nisiseme uongo, kutoka kwa asiye mtani unanikera sana. Kwa Mhehe nilimjibu tu kwamba abiria wote washukuru hakuna mbwa humu ndani, maana asingebaki. Akacheka hadi akakohoa, akaninunulia maji.

Baada ya mahandaki ya Kilosa nchi inabadilika rangi. Kijani kinaisha, milima inakuwa ya kijivu, kisha udongo mwekundu na mibuyu iliyosimama peke yake, uchi, mmoja huku mwingine kule, kama watu waliogombana. Agosti mvua ni hadithi. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi sambamba na treni.

Shangazi alinipokea Dodoma na bajaji ya jirani. "Mbukwenyi!" akanisalimia kwa sauti ya kuwasikilizisha watu wote wa mtaa. Neno hilo ninalijua, na baada yake Kigogo changu kinakaribia kwisha. Usiku: ugali wa uwele na mlenda. Nilikula kwa adabu. Mlenda na mimi bado tunazoeana.

Siku ya nne, Alhamisi. Dodoma

Siku ya kusubiri. Mzee tuliyekuwa tunamtaka, ambaye shangazi anamfahamu tangu enzi za ujana wao, alikuwa msibani hadi kesho. Nikazunguka soko la Majengo, nikanunua zabibu, na kwa maelekezo ya shangazi kilo mbili za sukari, majani ya chai na ugoro. "Pesa utampa mwisho, na utaificha ndani ya sukari. Ukimnyooshea mkononi atakasirika."

Jioni shangazi akanionyesha kitu ambacho sikukijua kuhusu yeye. Uvunguni mwa kitanda alikuwa na ngoma ya muheme, ndefu, imebanwa kiuno katikati. Akaketi, akaibana mapajani, akanipigia taratibu ili majirani wasije. Muheme ni ngoma ya wanawake. Wanaume wanaimba, wanacheza, wanaruka, lakini wanaoibana ngoma mapajani na kuipiga ni akina mama. Shangazi ana miaka sabini na moja na presha. Kwa dakika kama tano hakuwa na presha.

Nikamuuliza kama baba alikuwa anampigia ilimba. "Ndugu yangu?" akasema. "Alikuwa anapiga usiku, watoto tukiwa tumelala. Tulikuwa hatulali."

Siku ya tano, Ijumaa. Kijiji kimoja mbele ya Chamwino

Daladala kutoka Sabasaba, kisha bodaboda, kisha miguu. Upepo wa asubuhi ulikuwa wa baridi kweli kweli, wa kupenya kanga. Tulipita njia inayokwenda kwenye uwanja wanakofanyia Tamasha la Muziki wa Cigogo kila mwaka, Julai. Mwezi uliopita tu hapa palikuwa na vikundi kwa makumi. Leo palikuwa na mbuzi.

Babu alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, blanketi mabegani. Macho yana mtoto wa jicho, yote mawili. Nikapiga goti. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Shangazi akamweleza kwa Kigogo habari ndefu ambayo ndani yake nilisikia jina la baba mara tatu na neno "simu" mara moja. Kwenye "simu" babu akageuza uso kwangu.

Akanyoosha mikono. Nikampa ilimba. Hakuipiga. Aliipapasa kwanza, vyuma vyote 36, akipitisha ukucha juu ya ncha zake kama mtu anayehesabu meno ya ng'ombe mnadani. Vile vitano vya Bagamoyo alivitambua. "Hivi vigeni. Vizuri." Akafika kwenye nailoni ya sigara, akaibandua na kuitupa kwa mbuzi.

Maisha yake nitayasema kwa kifupi, kwa sababu yeye mwenyewe aliyasema kwa kifupi. Ilimba ya kwanza aliitengeneza akiwa mchungaji, kwa misumari aliyoing'oa kwenye zizi la baba yake, na kwa misumari hiyo alichapwa. Tangu hapo hajawahi kukaa bila ilimba. Sauti ya Hukwe aliisikia redioni, enzi za Radio Tanzania, na kijiji kizima kilisimama. Yeye hakuitwa mjini, wala hakusikitika. Waliwahi kuja watu wakamrekodi siku mbili mfululizo wakaahidi kumletea kaseti. "Labda bado wako njiani." Nikamuuliza, swali la kijinga la mtu wa mjini, kama hakuwahi kufanya kazi nyingine zaidi ya muziki.

"Nimelima. Nimechunga. Nimechimba visima. Nimezika wake wawili. Ilimba siyo kazi, mjukuu wangu."

Kisha akaanza. Alikuwa na msumari mnene na jiwe la ukubwa wa yai. Anaweka msumari kwenye kitako cha chuma, anagonga kidogo, chuma kinarudi nyuma au kinasogea mbele kwa upana wa unywele, anapiga, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Chuma kirefu sauti nene, kifupi sauti nyembamba, ndio ufundi wote kwa maneno, na kwa mikono ni maisha. Mimi kwa upumbavu nikawasha ile programu niweke simu karibu, nikijisemea safari hii angalau nitaandika namba. Taa ikawaka nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Babu hakuweza kuiona, lakini shangazi aliiona, akamwambia.

"Izime," akasema babu. "Inamsema mtu akiwa bado anafanya kazi."

Nikaizima.

Alipofika katikati ya mtyunio alisimama. Akasema sasa kuna njia mbili tatu, kwa sababu wapigaji wa huku hawakupanga sawa, kila mzee na uzito wake kwenye sauti fulani. Mtyunio wa baba yangu ulikuwaje? Nikajibu sijui, nilikwisha mwambia, niliuharibu. Akanyamaza. Kisha akauliza: "Alikuwa anaimba nini?"

Maneno ya nyimbo zile siyajui, nilikuwa mtoto wa Dar, nasikia tu. Lakini wimbo wa tatu, ule wa mwisho kabla ya kulala, nilikuwa naweza kuuvumisha. Nikaona haya. Shangazi akanikanyaga mguu. Nikaanza, mdomo umefumbwa, nikitazama chini.

Babu akanisimamisha katikati. "Rudia hapo." Nikarudia. "Tena." Nikarudia. Palikuwa na sauti moja mahali wimbo unaposhuka ambayo mimi siku zote nilidhani baba anaikosea, chini kidogo ya inapopaswa kuwa, kama mtu anayekanyaga ngazi akidhani imeisha. Na mimi nilikuwa naivumisha vile vile alivyokuwa akiivumisha. Sikujua kwamba ninayo. Babu akaikamata, akagonga chuma kimoja mara mbili kwa jiwe, akakipiga, akangoja. Nikavumisha tena. Akagonga mara moja zaidi. Vikalingana.

Vilivyobaki alivifuatisha hicho. Ilimchukua hadi adhuhuri.

Kisha buibui. Nilikuwa nimefikiri utando wa buibui ni ule wa kutega nzi. Sio. Ni buibui bapa wa ukutani, yule anayekimbia kiubavu, ambaye akitaga anafunika mayai yake kwa kitambaa cheupe cha mviringo, kama senti, amekibandika ukutani. Hicho ndicho. Ila nyumba ya babu ni ya tofali na bati, mkwe wake aliipaka chokaa Pasaka, na kwenye chokaa mbichi buibui hakai. Tukaenda kwenye tembe la zamani linalofugiwa mbuzi sasa. Ndani giza, harufu ya kukolea, paa la udongo limeshuka hadi unainama. Nikawasha tochi ya simu, ndiyo kazi pekee simu yangu ilifanya kwa heshima siku hiyo, na ukuta ukajaa senti. Vidoti vyeupe, kumi, ishirini, juu ya udongo mweusi wa moshi.

Babu akanieleza: usichukue kilichonona. Kilichonona wamo ndani. Chukua kilicholala bapa, watoto wameshatoka. Alikuwa anavigusa kwa ncha ya kidole cha kati, kimoja kimoja, anaacha, anaacha, anasimama. Akaingiza ukucha chini ya ukingo, akakibandua kizima. Kilikuwa chepesi kuliko ganda la kitunguu, ukikitazama kwenye mwanga unaona nyuzi zimepitana kila upande. Akachukua vitatu. Kimoja akakirambisha ulimi ukingoni, akakilaza juu ya tundu la ilimba, akazungushia nta ya nyuki aliyoitoa mfukoni mwa koti, akakipuliza. Viwili akanitilia kwenye kiberiti kitupu, vya akiba.

Akapiga.

Sitajaribu kuielezea yote. Niseme tu kwamba shangazi alikuwa anamenya zabibu kwa ajili ya mtoto wa jirani, na akaacha. Ule mvumo ulirudi, laini, chini ya kila sauti, na vyuma vya pembeni vikawa vinaguna vyenyewe kama alivyosema kijana wa Bagamoyo. Babu akapiga wimbo wa baba kutoka mwanzo, pamoja na sehemu ambazo mimi sikumpa. Aliujua. Alikuwa anaujua muda wote. Nilipomuuliza kwa nini basi alinitesa kuuvumisha, akavuta ugoro na kupiga chafya. "Mimi naujua wangu. Nilikuwa nataka wa baba yako."

Akanipa niipige. Nikamwambia shangazi huku hawatashangaa, mwanamke na ilimba? Babu akasikia. Akasema watashangaa, kisha watasikiliza, na tukaendelea hadi jua lilipoinama.

Siku ya sita, Jumamosi. Dodoma – Tabata

Mashine ile ile, kioo kile kile, visu vile vile, askari mwingine. "Piga tusikie." Nikapiga kwa kujiamini zaidi. Akakunja uso, akasogeza sikio. "Dada, mbona inakoroma? Spika imepasuka?"

Safari nzima nimeipakata.

Nimefika nyumbani saa mbili usiku. Mama alikuwa sebuleni na tamthilia yake. Nikakaa ngazi za uani, nikavua viatu, nikapiga wimbo wa tatu, kwa sababu ndio pekee ninaoujua vizuri, na vidole vyangu vinauchelewesha. Tamthilia ikapunguzwa sauti. Mama hakutoka, na mimi sikugeuka. Nilipomaliza akaongeza sauti tena.

Siku ya saba, Jumapili

Nyongeza. Leo asubuhi nimefungua kiberiti niangalie akiba yangu. Macho ya babu hayaoni, na ncha ya kidole chake imemdanganya kwa kimoja kati ya viwili. Kiberiti kimejaa vibuibui, vidogo kama punje za ulezi, vinakimbia kiubavu tayari. Kabla sijakifunga vilikuwa vimeshapanda ukuta wa stoo na kuingia nyuma ya gunia la mkaa. Nimemwambia dada wa kazi kona ile asiiguse na ufagio, na chokaa ya Krismasi tutaishia mlangoni.

Ameniangalia. Nimemwambia nitamweleza akimaliza vyombo.